Boila Namba Mbili, Siku Walipoifunga

Mimi ni fundi wa kutu. Watu wakisikia hivyo hudhani naiondoa. Hapana, naiweka. Nipe askari wa plastiki mwenye urefu wa kidole gumba, au kifaru cha vita kinachotosha kiganjani, au daraja la kupangwa juu ya meza ya mchezo, vyote vipya, na baada ya siku mbili nitakurudishia kitu utakachoapa kimelala nje kwa mvua ya Kakamega miaka ishirini. Wateja wangu wengi ni watu wa klabu moja ya Nairobi ambao kila Jumamosi hupanga majeshi yao madogo mezani na kupigana kwa dadu. Mwenyekiti wao, Mike, hunitumia vifurushi kwa basi, nami humrudishia vikiwa vimechakaa. Majirani zangu hapa Amalemba wameniita Mama Kutu. Sijakasirika. Nimeshaitwa mabaya zaidi na watu wenye akili zaidi.

Wanaoanza kazi hii hupaka kutu kila mahali, ovyo, kama mtu anayetia chumvi mboga ya jirani. Kutu ina tabia zake. Haianzii katikati ya bati. Huanzia kwenye kichwa cha ribiti, ule msumari unaoshikanisha mabati, kwenye mshono, kwenye ukingo uliogongwa, na pale maji yanapotuama yakikosa pa kwenda. Ikiwa changa ina rangi ya chungwa, ikikomaa inakuwa kahawia, ikizeeka inakaribia weusi. Nayo hutiririka kwenda chini, haipandi kamwe. Ukishayajua hayo, kilichobaki ni sponji, chumvi ya mawe, spreyi ya nywele na subira. Subira ninayo. Niliipata kwa kumchukia mtu mmoja muda mrefu.

Mtu huyo ni Jairus Osundwa, aliyekuwa mkuu wa mafundi katika kile kiwanda cha sukari ambacho sasa ni makao ya popo. Baba yangu, Osiako, alikuwa kibarua wake. Kila mwaka mitambo iliposimamishwa, kazi ya baba ilikuwa kukwangua boila, yale matangi ya chuma ya kuchemsha maji yawe mvuke, na kuzipaka rangi ya fedha. Mwaka mmoja, nikiwa na miaka tisa, Jairus alipitisha mkono nyuma ya valvu moja akakuta doa la kutu la ukubwa wa ukucha. Hakumkemea baba faraghani. Aliwaita watu wote wa zamu, akamwamuru avue shati, aifute ile kutu kwa shati lake mwenyewe mbele yao, kisha akamwambia aende nyumbani asirudi. Shati akalitupa katika tanuri, likaungua mitambo ilipowashwa tena. Baba alitembea kwa miguu kutoka kiwandani hadi kwetu akiwa kifua wazi, mchana, siku ya soko. Nilimwona akiingia uani. Hakupata tena kazi ya maana mpaka alipokufa.

Sasa mnajua. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilificha.

Mwaka jana mwezi wa nane, mke wa Jairus alikuja kwangu. Anaitwa Awinja, mama mnene mpole mwenye kupumua kwa shida, na alikuwa ametoka kwao karibu na Bukura na mkoba begani. Hakunijua mimi ni nani. Alikuwa amesikia kwa wanawake wa kanisa lake kwamba kuna mtu Amalemba anatengeneza nyumba ndogo ndogo na mashine ndogo ndogo. Nikampa kiti na chai.

"Ni mzee wangu," akaanza. "Ako na presha ya macho. Daktari alisema mpaka Krismasi, hapo ataona giza tu. Saa hii anaona kitu ikiwa hapa karibu, hivi." Akaweka kiganja mbele ya pua. "Kira siku anaulizanga boira yake. Boira namba mbiri. Ati kabla macho iishe, aione tena. Na mimi siwezi kumpereka huko. Tulimwambianga ati askari wa lango wanaipaka mafuta, wanaipanguza. Akienda ataona."

"Ataona nini, mama?"

"Si unajua vire iko."

Akatoa picha kwenye mkoba. Wanaume tisa wenye ovaroli wamesimama mbele ya boila inayong'aa, na katikati yao kijana mmoja mrefu, ndiye Jairus, ameshika spana kama fimbo ya chifu. Ilikuwa imeandikwa 1978. Awinja akaniwekea kidole kwenye picha.

"Nitengenezee hii. Kama ire siku walifunga."

Mnaelewa? Katika Kiswahili chetu, fundi akiweka taa ukutani, ameifunga. Akiunganisha mtambo paipu kwa paipu mpaka ukanguruma, ameufunga. Na siku mwenye mtambo anapozima moto, akawafukuza watu na kutia kufuli langoni, siku hiyo pia amefunga. Neno moja linatumika arusini na matangani. Mke wa Jairus alikuwa na picha ya 1978 mkononi na bado neno lake lilikuwa na milango miwili. Fundi mwaminifu angeuliza: mama, walifunga kuanza au walifunga kuacha?

Sikuuliza. Nilijua vizuri kabisa anachotaka. Nilisema, "Sawa mama, kama siku walifunga," na nikamwongezea chai. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Wiki hiyo hiyo nilienda kiwandani. Kibiwott, askari wa lango, aliniruhusu kuingia baada ya kumwambia nataka kupiga picha chuma kikuukuu, jambo ambalo lilimchekesha sana. Nikamuuliza kama kweli wao huipaka boila mafuta.

"Mafuta gani?" akasema. "Mimi hata ya kupikia sina."

Boila namba mbili ilikuwa imeoza kwa namna ambayo sijawahi kuona. Paa lilikuwa limetoboka juu yake na maji ya mvua yalikuwa yameidondokea miaka yote saba tangu kiwanda kife, mahali pale pale. Mlango wa tanuri ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja. Kutu ilikuwa imebambuka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nilipiga picha mia mbili na kumi. Nakiri nilifurahi. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya kazi na furaha nyingine isiyo ya kazi, na sikuweza kuzitenganisha.

Niliijenga kwa makopo ya maziwa ya unga, paipu nyembamba za plastiki, nyaya, na vichwa vya pini mia tatu vilivyokuwa ribiti. Ilipokamilika ilikuwa na ukubwa wa mkate mrefu. Sasa sikilizeni namna kazi inavyofanywa, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Kutu nzuri haipakwi juu, hupakwa chini. Unaanza na kahawia na machungwa, na unga wa chuma halisi nilioutoa kwenye waya wa kusugulia sufuria uliolala katika siki. Ikikauka unapuliza spreyi ya nywele. Juu ya spreyi unapaka rangi nzima ya kitu kipya. Kisha unachukua brashi yenye maji, unasugua taratibu, spreyi inalainika, rangi mpya inabambuka, na kutu iliyokuwa imejificha inatokea mahali unapotaka wewe.

Kwa hiyo kuna alasiri moja, hakuna njia ya kuikwepa, ambapo kitu huwa kipya. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimemaliza kupaka rangi ya fedha na boila namba mbili ilisimama juu ya meza yangu ikimetameta, kila ribiti mahali pake, mlango wa tanuri umefungika barabara, sawasawa na picha ya Awinja. Ilikuwa imekamilika. Ningeifunga katika kitambaa siku ile na mzee angeona alichotaka kuona, na mimi ningekuwa mtu mwema bila kufanya kazi ya ziada hata dakika moja.

Nilichovya brashi katika maji.

Nilifanya kazi siku kumi, nikabambua rangi, nikatoboa paipu, nikang'oa bawaba moja ya mlango. Nilianza nyuma ya valvu. Sijapata kufanya kazi nzuri hivyo, na sidhani nitapata tena. Nilipomtumia Mike picha, alinipigia simu huku akipiga kelele: "Mitchel, wewe ni mchawi! Hiyo lazima ije maonyesho ya Novemba." Nikamwambia ina mwenyewe. Akasema, "Muombe mwenyewe." Nikacheka.

Jumapili ya mwisho ya Septemba niliipeleka Bukura. Awinja alikuwa amealika wazee wanne waliobaki katika wale tisa wa picha, pamoja na watu wa kanisa. Ingokho, kuku wetu, zilikuwa zimechinjwa na obusuma, yaani ugali, ilikuwa mezani, na mtu aliomba sala ndefu akimshukuru Mungu kwa mikono ya mafundi. Jairus aliketi katikati amevaa koti. Nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu utotoni. Amekonda, shingo imekuwa ndogo kwa kola, lakini kile kidevu ni kile kile. Boila ikawekwa mapajani mwake, na Awinja mwenyewe, akitabasamu, akavuta kitambaa.

Wale wazee wanne waliona kwanza. Mmoja alisema "Ai!" kisha akajiziba mdomo. Jairus bado alikuwa anaisogeza machoni, akiitafuta kwa ule upenyo mdogo wa kuona uliobaki, anaanza juu kwenye bomba la moshi, anashuka. Niliyafuata macho yake. Akafika kwenye paipu iliyotoboka, akasimama. Akafika kwenye mlango ulioning'inia. Akaenda nyuma ya valvu. Alipapasa na kidole, na unga wa chuma ukabaki kidoleni. Akauleta kwenye pua akaunusa. Unga ulikuwa wa kweli, na harufu ni ya kweli.

"Nani aliacha hii kitu ikakulwa na kutu?" akauliza. "Mlisema wanapaka mafuta. Awinja. Ulisema wanapaka mafuta."

Awinja alinigeukia. "Nirisema kama siku walifunga!"

"Ndiyo, mama," nikasema kwa upole, mbele ya watu wote. "Siku walifunga. Si walifunga miaka saba iliyopita? Nilienda mpaka huko nikapiga picha, ifanane kabisa."

Mnajua alichofanya? Hakunitukana. Alisimama akiwaza, midomo ikirudia neno lile, na nikaona linavyomfungukia upande wa pili. Akaketi chini sakafuni pale pale. "Ni mimi," akasema. "Ni Kiswahiri yangu. Ni mimi nimekosa kusema." Watu wakaanza kumfariji na kunifariji mimi pia, ati si kosa la mtu, ulimi hauna mfupa. Mchungaji alinishika bega. Jairus alikuwa akilia bila sauti, machozi yakidondoka juu ya rangi yangu, na hata hapo niliwaza kwamba yatatia doa.

Nilikuwa nimelingoja jambo hilo miaka ishirini na sita. Wengine walipoenda kunawa mikono nikamwinamia sikioni. "Mzee, mimi ni wa Osiako."

Akainua uso. "Osiako gani?"

"Osiako wa kupaka boila. Uliyemchomea shati."

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, mnyonge wa Mungu, ili asinivunjie heshima. "Vibarua walikuwa wengi, mwanangu," akasema. "Alikuwa wa kutoka Lumakanda?"

Hasira niliyokuwa nayo awali ilikuwa maji ya vuguvugu ikilinganishwa na hiyo iliyonipanda. Baba yangu alikufa na siku ile kifuani, na huyu hakumbuki hata kama alikuwa wa Lumakanda.

Wakati wa kuondoka Awinja aliniletea boila ikiwa imefungwa tena katika kitambaa. Mzee alikuwa ameshaanza kuikwangua kwa kucha. "Mwanangu, tafadhari," akasema. "Ipake ya fedha. Kabla macho yake iishe. Haraka, nakuomba."

"Wiki mbili, mama."

Kesho yake niliipeleka stendi na kuituma Nairobi.

Alipiga simu kila wiki. Nilimwambia mvua ni nyingi, rangi haikauki. Nilimwambia rangi ya fedha iliyo nzuri inatoka nje ya nchi. Kila mara aliniambia asante na kuniombea. Mike naye alinipigia: boila imepata nafasi ya kwanza, watu wanapanga foleni kuitazama, mzungu mmoja alitaka kuigusa akakatazwa. Nilifurahi. Kisha mwishoni mwa Novemba, siku mbili baada ya basi kuirudisha, Awinja alipiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imetulia.

"Usiharakishe tena, mwanangu. Jana saa sita mchana ameniuliza mbona sijawasha taa."

Nilikaa na simu mkononi. Niliumia, msidhani sikuumia. Boila ilikuwa mbele yangu mezani, na bado ningeweza kuipaka ya fedha kwa saa moja. Nilifungua hata mkebe. Halafu nikaitazama, kila tone la siku zile kumi, na mkono ukakataa. Nikajiambia, hataona. Anaona kwa vidole sasa. Basi kinachohitaji kuwa kipya ni kile kinachoguswa.

Niliipaka vanishi isiyo na rangi. Mipako tisa, na kati ya mmoja na mwingine nikaipitisha msasa laini kabisa, mpaka ikawa nyororo kama sahani iliyooshwa. Vipande vya kutu vilivyobambuka vikazama ndani. Paipu iliyotoboka nikaijaza. Mlango wa tanuri nikaugundisha mahali pake. Ukiigusa umefumba macho, ni boila mpya. Ukiyafumbua, vanishi ilikuwa imeikoleza ile kutu ikawa nyekundu ya kutisha, kana kwamba imetoka kunyeshewa sasa hivi.

Niliirudisha Bukura nikampa mzee mwenyewe mkononi. Alianzia bomba la moshi akashuka, na vidole vyake vilikuwa na akili kuliko macho yake yalivyokuwa. Alihesabu ribiti kwa sauti ndogo. Akaenda nyuma ya valvu, akapapasa, akapapasa tena. Uso wote ukamfunguka. "Safi," akasema. "Safi kabisa. Awinja, njoo uone! Iko vile tulifunga!"

Awinja alitoka jikoni akipangusa mikono. Aliiona. Alinitazama, akaitazama tena, kwa muda mrefu, na nikajua sasa atapiga yowe.

"Inang'aa, eh?" Jairus akauliza.

"Eeh, baba," akasema. "Inang'aa sana."

Alinisindikiza hadi kwenye ua wa michongoma. Hapo akasimama. "Kumbe siku ire ulinisikia vizuri," akasema. "Nimelia miezi miwiri nikijilaumu. Wewe ni mtu mbaya." Alisema bila hasira, kama anayetaja bei ya kitu. Nikamwambia naweza kuichukua, niipake ya fedha leo leo, naapa. "Itoe wewe kwa mikono yake," akasema, "kama unaweza." Akageuka akarudi kwa mumewe.

Hakuna aliyeweza. Mzee alikula nayo mapajani na kulala nayo ubavuni, akishtuka mtu akiigusa. Na Jumapili iliyofuata akasema anataka kuipeleka kanisani. Vijana wa siku hizi, alisema, hawajui kazi safi ni nini. Awinja alijaribu kumzuia kwa kila namna isiyokuwa kumwambia ukweli. Nilipata habari kwa wale wanawake wa kanisa, nikaenda. Sijui nilienda kufanya nini. Pengine kusimama na kusema. Niliketi safu ya nne nikiwa nimevaa leso kichwani.

Walimwongoza hadi mbele. Alisimama wima, akamkabidhi mtu fimbo yake, akaishika boila kwa mikono miwili na kuiinua usawa wa kifua. Mwanga wa dirishani uliipiga. Kanisa zima likaona chuma kilichooza, chekundu, kana kwamba kinadondosha kutu, mikononi mwa kipofu anayetabasamu.

"Hii," akasema, "tulifunga na hii mikono. Mwaka wa sabini na nane. Tazameni. Mkipata doa moja, mniambie."

Hakuna aliyekohoa. Akina mama walitazama chini. Wale wazee wanne walioketi mbele walikuwa kama wamepigwa kofi. Nilijiambia simama, Mitchel, simama sasa, na nikabaki nimeketi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na nitasema na hili, maana ni kweli: katikati ya aibu ile niliitazama kazi yangu kwa mbali, kwa mara ya kwanza katika mwanga mzuri, nikaona jinsi ilivyo nzuri.

Kimya kikazidi. Tabasamu la Jairus likaanza kupotea. Alielekeza sikio upande wa kushoto, ambako mkewe alisimama.

"Awinja," akauliza, "mbona wamenyamaza?"

"Wameshangaa, baba," akamwambia. "Wameshangaa tu."

Basi akaiinua juu zaidi, ili na waliokaa nyuma waione.